Saa Iliyoshonewa Mfukoni

Fundi cherehani alikuwa na neno moja la mama yake la kutimiza, na neno lenyewe lilikuwa fupi: "Baba yenu mje mumlaze pembeni yangu. Basi." Mama alifariki mwaka jana, akazikwa makaburi mapya. Baba alikuwa makaburi ya zamani tangu mwaka wa tisini na nne, na sasa barabara ilikuwa inapita hukohuko. Wenye ndugu zao walipewa mwezi mmoja wawahamishe. Watakaobaki, lilisema tangazo, watawekwa pamoja kwenye shimo moja.

Mwezi mmoja! Na vibao vya majina vilishaliwa na mchwa zamani, na ramani ya makaburi hakuna aliyejua iliko. Lakini fundi cherehani hakubabaika. Suti aliyozikwa nayo Baba aliishona yeye. Ndani ya koti alitia mfuko mdogo, akatumbukiza saa ya Baba, ile ya fedha yenye mnyororo, uso wake una ufa karibu na sita, kisha akaushona mdomo wa mfuko kwa uzi mara mbili. Koti akamkabidhi baba yake mdogo, aliyekwenda kumvika marehemu. Kwa hiyo penye saa ndipo penye Baba. Nani angebisha?

Akaazima kwa muuza vyuma chakavu mashine ya kutafutia vyuma ardhini, fimbo yenye sahani chini na spika za masikioni. Siku tatu za kwanza ilimtia wazimu. Majeneza yana misumari, jamani, na kila kaburi lina jeneza! Mashine ikalalama kila hatua. Muuza vyuma akamcheka kwanza, ndipo akamfundisha: "Dada, chuma kinakoroma. Fedha inapiga mluzi. Wewe sikiliza mluzi." Basi cherehani ikafunikwa kitambaa, wateja wakanuna, mwenyewe akawa anazunguka makaburini na sahani yake kama mtu anayepiga deki uwanja mzima.

Siku ya kumi na tisa akasikia mluzi.

Mchimbaji aliyemwita alipoitoa ile saa udongoni, fundi cherehani aliifuta kwa upindo wa gauni lake. Ufa ulikuwa palepale, karibu na sita. Akaketi chini akalia kwa sauti, wala hakuona haya. Mchimbaji aliikusanya mifupa sandukuni taratibu, mtu wa kazi yake. "Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakipo, dada. Udongo nao una ulafi wake."

"Achana nacho," akasema. "Kidole kitu gani?"

Wakamlaza Baba pembeni ya Mama. Dada yake mkubwa, mgonjwa wa miguu, alibebwa pamoja na kiti chake mpaka pale, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Fundi cherehani akaagiza zege moja limwagwe juu ya makaburi yote mawili, bamba moja tu, wasije wakatenganishwa tena.

Ikabaki saa. Jalada la nyuma lilikuwa limegandamana kwa matope, akaipeleka kwa fundi saa, mwenye kibanda cha vioo mkabala na benki, aisafishe ili waitundike kwa dada. Fundi saa akadondosha mafuta ya taa, akasubiri, akapenyeza ncha ya kisu. Jalada likafunguka. Akabana lenzi jichoni.

"Ahaa! Saa hii naijua!"

"Unaijuaje?"

"Sisi tukimaliza kutengeneza tunachora alama na mwaka humu ndani, ili mtu akirudi kulalamika ujue ni kazi yako au ya mwenzio. Tazama. Huyu wa kwanza simfahamu. Wa pili ndiye aliyenifundisha kazi. Na hii nyota ni yangu mimi, tisini na saba."

"Angalia vizuri. Tisini na saba ilikuwa imeshazikwa miaka mitatu."

"Macho yangu mabovu, bibie, lakini mkono wangu naujua." Akampa lenzi. Ilikuwa saba, na mkia wake kabisa.

Fundi saa, maskini, hakujua anachokifanya. Raha ya kukumbuka ilikuwa imempanda kichwani. "Na aliyeileta namkumbuka, maana alinivunja mbavu. Mrefu, kidole hiki kidogo hana. Namuuliza, saa nzuri hii, ya nani? Akaniambia, 'Ya kaka yangu. Yeye siku hizi hana miadi na mtu.' Nilicheka siku nzima!"

Fundi cherehani akairudisha lenzi mezani. Baba mdogo. Watu walimwita Mcheshi. Kumbe aliufumua ule uzi mlemle chumba cha maiti. Na wiki ileile ya msiba alibadilisha kufuli la nyumba, akamtoa Mama na godoro lake nje, akitania kwamba hewa safi ni dawa. Alikufa tisini na tisa, akazikwa makaburi yaleyale, kumbe na saa ya Baba mfukoni. Mama na binti zake hawakwenda. Nani angekwenda?

Alikimbia mpaka makaburi ya zamani, viatu mkononi. Hapakuwa na makaburi. Palikuwa na uwanja mwekundu na gari la kushindilia likienda na kurudi. Msimamizi akavua kofia.

"Waliobaki tuliwafunika juzi, dada. Mia mbili na kitu. Zege nene hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Ulikuwa na mtu?"

"Sina," akasema.

Jioni akapita makaburi mapya. Bamba lake lilikuwa limekauka vizuri, kazi safi, jina la Baba limechongwa upande wa kulia. Alivunje? Na hata akimtoa yule, wa kumweka pale ni nani? Simu ikalia, dada yake.

"Mdogo wangu, saa imepona?"

"Imepona."

"Na Mama naye kapumzika. Siku hizi hata mimi napata usingizi."

"Ndiyo, dada."

Akaketi ukingoni mwa zege. Mcheshi akiingia tu mahali, iwe msibani, iwe hospitali, Mama alikuwa anainuka na kutoka. Siku moja alitoka kwenye mvua, na homa yake, akasimama nje akitetemeka mpaka yule alipoondoka. Hakuwahi kukaa naye chumba kimoja hata dakika tano.

Fundi cherehani akaweka kiganja juu ya zege.

"Nisamehe, Mama," akasema. "Nimekufungia mlango."