Magunia Juu ya Mitufaha

Soud alikulia kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja, na mtu wa karafuu anajua jambo moja: mti ukipukutisha majani yote, umekwenda. Aliiona mikarafuu ya baba yake ikikauka mmoja baada ya mwingine, leo kijani, baada ya muda kuni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba iko miti inayovua majani kwa hiari yake.

Basi baridi ilipoingia Riyadh na mitufaha ya kafili wake, tajiri aliyemdhamini huko, ikabaki fito tupu, alishikwa na hofu. Kafili huyo, Abu Fahd, pesa za mafuta zilikuwa zimemkolea hata akataka matufaha jangwani, akaagiza miche kutoka Sham kwa ndege. Soud akatolewa Jiddah, akamwacha mkewe Wahida kwenye chumba chao cha Hindawiyah, na akapewa ahadi: miti ikichanua, binti yao Jokha atatolewa ikama, kibali cha kuishi huko. Walimwacha Unguja kwa bibi yake walipokimbia mapinduzi ya mwaka sitini na nne, kwa kuwa alikuwa na surua, hafai kusafiri. Sasa alikuwa mwari, na bibi alikuwa hoi kitandani.

Geoffrey, mtaalamu wa kilimo kutoka Kenya, alimwonya kabla ya kwenda likizo.

"Wacha hiyo miti, mzee. Imelala tu. Ona hizi tumba, zimejifunga na magamba, na maua yako ndani tayari. Lakini hazifunguki mpaka zishibe baridi. Ukizipasha joto saa hii, zitakataa kuamka."

"Haya, bwana," alijibu Soud, na hakuamini hata neno. Mtu wa Limuru, karafuu kaijulia kwenye pilau, atamfundisha nini yeye?

Geoffrey alipoondoka tu, Soud akaivika mitufaha magunia. Kila jioni akawasha moto wa makuti makavu ya mitende katikati ya safu, akakaa hapo kama mtu anayeuguza. Baridi ya Riyadh yenyewe ni ya kubahatisha, na hiyo kidogo iliyokuja aliifukuza kwa mikono yake. Alifanya hivyo kwa mapenzi, maskini, na ndiyo maana ni vigumu hata kumkasirikia vizuri.

Joto liliporudi alivua magunia. Tumba zilikuwa ngumu, nyingine zikidondoka akizigusa. Alizunguka shamba zima mpaka nyuma ya kibanda cha pampu, na huko akakuta mtufaha mmoja umejaa maua. Alikimbia, akicheka peke yake njiani, kumwita Geoffrey, aliyekuwa amesharudi likizo.

"Inaanza," alisema. "Tazama, inaanza."

Geoffrey aliuzunguka ule mti. "Huu uliufunika?"

"Huu? Magunia yaliniishia."

Soud alitazama maua, kisha safu zote za fito tupu, na hapo akaelewa. Akakaa chini palepale kwenye tope la pampu.

Abu Fahd alikuja Ijumaa. Geoffrey alimsihi, "Bosi, mwaka ujao itachanua, miti haijakufa." Hakusikilizwa.

"Halas, basi. Ng'oeni yote."

"Na binti yangu, baba?" aliuliza Soud.

"Mafi maua, mafi ikama. Hakuna!"

Siku hiyo Soud alipiga simu kwenye duka la Badawi, chini ya chumba chao kule Jiddah, na Badawi akamwita Wahida. Alishuka mbio, anahema.

"Imechanua?"

"Mmoja," alisema Soud.

"Mmoja tu?" Wahida alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Si neno. Nasi mtoto tunaye mmoja."

Kisha, kabla Soud hajamweleza jibu la Abu Fahd, akamwambia kwamba kitanda cha Jokha ameshakinunua, kiko karibu na dirisha.