Usingizi wa Kuonekana

"Shhh! Mnamwona Fumiyo?" Bwana Hatakeda, bosi wao, alinong'ona huku akinyata kati ya meza. "Kazi imemmaliza. Mwacheni."

Kazue aliinamia lebo za chupa za mchuzi wa soya, akizisahihisha kwa kalamu nyekundu, kijicho kikimpanda kama kiungulia. Huku kwetu anayesinzia kazini hahesabiwi mvivu. Ni mtu aliyejitoa mpaka mwili ukamgomea, mradi tu asilale chali. Akae kitako, kalamu mkononi, kama aliyekatikia katikati ya neno. Na Fumiyo, jamani, alijua kulala hivyo kuliko wote.

Kazue hakuwahi kusinzia. Tangu msimu wa zawadi za mwisho wa mwaka uanze, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Alikula wali baridi juu ya karatasi za kazi, kichwa kikimgonga, herufi zikionekana mbilimbili. Asubuhi hiyo mkono wa kushoto uliingia ganzi. Akaupigapiga pajani, akaendelea. Nani alimwona? Mkuu wa chumba cha usahihishaji alikuwa anastaafu, na jina lililotajwa ni la Fumiyo. Fumiyo huyo huyo! Roho ilimuuma.

Bosi alipopita, Fumiyo alifumbua jicho moja. "Unanikodolea nini?"

"Naangalia mtu anavyopandishwa cheo kwa kukoroma."

"Si ujaribu na wewe, dada? Wivu hauna posho."

Basi akajaribu. Baada ya chakula cha mchana, aliposikia viatu vya bosi, aliinamisha kichwa mezani na kufumba macho.

Viatu vikasimama. "Hata Kazue!" Sauti ilijaa heshima. "Maskini, kumbe nguzo yetu ni huyu. Mtu asimwamshe."

Koti lenye joto likawekwa mabegani mwake. Mtu akazima redio. Raha iliyoje! Na tamu zaidi, alimsikia Fumiyo akisonya.

Alipoona inatosha, akataka kuinua kichwa. Hakikuinuka. Akataka kusema, ulimi ukamlalia upande mmoja. Mate yakachuruzika juu ya lebo.

"Mpaka udenda!" msichana wa mapokezi alisema kwa huruma. "Kachoka kweli, dada wa watu."

Wakatoka wote kwenda kwenye mkutano wa alasiri, wakirudisha mlango taratibu wasimsumbue. Akabaki Fumiyo peke yake.

"Haya, amka. Wamekwenda," alisema. "Wadanganye hao. Mchezo huu nimeuanza mimi."

Kazue alisikia kila neno. Nionee wivu, alimwomba moyoni. Nionee wivu sana, usiondoke.

"Unajifanya hunisikii? Na cheo unakitaka, na koti la bosi unalitaka! Mwone!"

Hatua zikaelekea mlangoni. Zikasita. Kisha zikarudi kwa hasira, na Fumiyo akaukamata ule mkono wa kushoto, akauinua juu, akauachia.

Mkono ukaanguka mezani kwa kishindo.

Fumiyo aliinama, akamchungulia usoni. Akauinua tena, safari hii polepole, kwa mikono yake yote miwili.