Shule ya Sindamuzi

Kijiji chetu, karibu na Rulenge, kilipojenga shule mpya, kiliamua kuipa jina la shujaa wetu Sindamuzi, aliyewakataza watu kubeba mizigo ya Wajerumani mpaka akapigwa risasi. Siku ya mkutano, bibi Adelfina, ambaye babu yake alikuwa mdogo wa huyo shujaa, alisimama.

"Hilo si jina," alisema. "Ni neno la mama yake."

Akaeleza jambo ambalo ukoo wao ulilificha miaka yote. Askari waliileta maiti uwanjani, wakaapa kuichoma nyumba ya kwao marehemu pamoja na wote waliomo. Wakamuuliza mama yake, bila kujua ni nani, "Huyu ni nani?" Mama alikuwa na mtoto mwingine mgongoni. Akaitazama ile maiti, akajibu kwa Kihangaza, "Sindamuzi." Simjui. Askari walikuwa wageni. Wakadhani amewatajia jina. Wakatangaza kila mahali kwamba Sindamuzi amekufa, na watu, kwa woga, wakaitikia. Majina ya kwetu mengi ni sentensi nzima, hivyo waliozaliwa baadaye hawakushangaa.

"Hata kulia hakuweza," Adelfina alisema. "Utamliliaje mtu usiyemjua?"

Mwenyekiti wa kijiji, Marcel, akavua kofia.

"Pole, bibi. Tutaweka jina lake la kweli. Aliitwa nani?"

"Kabura."

"Ntwari," akasema Fideli, kaka yake, aliyeketi nyuma.

Adelfina aligeuka. "Kaka, babu alinitajia mwenyewe."

"Na mimi alinitajia, anakata roho, nimemshika kichwa."

"Alikuwa anaweweseka!"

Walibishana mbele ya watu mpaka sauti zikawakauka. Hapakuwa na wa kuwaamua: kwao jina lile lilikatazwa kutajwa tangu siku ile, na waliolijua walikwenda nalo kaburini. Mwishowe Marcel akasema kwa upole, "Nendeni mkakubaliane kwanza."

Hawakukubaliana. Walirudi kwa njia moja bila kusemeshana, wakaishi hivyo hivyo, migomba yao imepakana, hadi Fideli alipofariki kabla ya mvua za vuli. Shule ilifunguliwa kwa jina la Sindamuzi. Watoto huliimba kila asubuhi.

Adelfina bado anakwenda misani. Akiwaombea marehemu humtaja Kabura, halafu, kwa sauti ya chini, Ntwari.