Vazi Lililokataa Kuinama

Kila asubuhi wiki ile kabla ya zamu nilipiga makofi mawili mbele ya kijumba cha sala kilichotundikwa juu ya mlango wa ghala, nikaomba mgongo wangu unifikishe Ijumaa. Siku hiyo mkataba wangu ungesainiwa upya au ungekwisha. Nina miaka hamsini na tisa, na hapa Niigata gunia moja la mchele ni kilo thelathini.

Kampuni ilikuwa imeleta mavazi manne ya kusaidia mgongo. Vazi unalibeba kama begi, unafunga mikanda mapajani, unajaza hewa kwa pampu ya mkono. Ukiinama, mirija ya mgongoni inakuvuta usimame. Moja nilipewa mimi.

"Tazameni, bibi kavalishwa tandiko!" alisema mzee Kuramochi, niliyepakia naye mizigo miaka kumi na miwili. "Mama Shizue, tukuletee na majani?"

"Wewe huhitaji pampu, mzee. Umejaa upepo tayari."

Msimamizi wetu Tsukuda, kijana wa umri wa mwanangu, naye akaamua kwamba kwa kuwa tuna mavazi, masanduku ya sake, ile pombe ya mchele, yapangwe saba kwenda juu, si matano.

Jumatano rundo nililopanga likaanguka, chupa zikavunjika. Mwenye kiwanda cha sake alikuja mwenyewe. Tsukuda akaniita mbele ya wote.

"Omba radhi."

Niliinama hadi chini, nikaanza kuhesabu pumzi tano kama nilivyofundishwa utotoni. Nilikuwa nimesahau kulitoa vazi hewa. Kabla ya pumzi ya pili mirija ikanivuta, nikajikuta nimesimama wima, nikimkodolea mgeni macho.

Nyuma mtu alicheka.

"Unatufanyia mzaha?" Tsukuda alifoka.

"Hapana, bosi, ni hili vazi..."

"Livue. Uiname kama mtu."

Nikalivua, nikainama. Kwenye pumzi ya nne kiuno kikakaza kama kimebanwa na koleo. Ya tano ikapita, sikuweza kuinuka. Ya kumi ikapita.

"Inatosha, mama," alisema mgeni.

"Anaigiza huyu," alisema Tsukuda. "Na mgongo wa namna hiyo Ijumaa hatuutaki."

Jasho langu lilidondoka kwenye saruji. Niliomba nisianguke mbele yake.

Ndipo nikaona buti za Kuramochi. Akanitwika lile vazi, akafunga mikanda, akalijaza hewa kwa pampu.

"Nishike mkono, mkaidi wewe."

Nikainuka. Yeye akamgeukia Tsukuda. "Masanduku saba ulisema wewe. Inama basi, na wewe huna mirija."

"Saba?" aliuliza mgeni.

Tsukuda aliinama. Nilimhesabia pumzi. Alifika tatu.

Ijumaa jina langu halikuwemo kwenye orodha ya mikataba mipya, wala la Kuramochi. Hatukumuaga Tsukuda. Niliinama mara moja tu, mbele ya kijumba cha sala, polepole, Kuramochi akinishika mkanda wa suruali.

"Haraka, bibi," alinong'ona. "Wewe mzito kuliko mchele."