Utamu wa Iliki Huchelewa

Homa ilipomwacha mkemia, iliondoka na uwezo wake wa kunusa. Tangu hapo kaka yake alikuwa akitafuta njia ya kumtoa kwenye mtambo wa mafuta ya iliki. Asubuhi hiyo alimleta shangazi yao, amsemeze kwa upole.

Mkemia hakugeuka. Alikuwa akitazama bomba. Mvuke ulipita kwenye iliki iliyopondwa, ukabeba mafuta, ukapoa, ukadondoka chupani: maji chini, mafuta juu, membamba kama ngozi ya kitunguu.

"Zima moto," kaka alisema. "Harufu imefika barabarani. Tunaunguza gesi bure."

"Hiyo ni sineoli, kaka, ile harufu kali ya kwanza. Nyepesi, ndiyo maana imetangulia. Inazibua pua, basi. Ule utamu ni mzito, unajikokota nyuma. Ukizima sasa, watengeneza manukato utawauzia dawa ya mafua."

Shangazi alicheka, kisha akakumbuka alichoitiwa. "Mwanangu, si upumzike kidogo? Mpishi asiye na ulimi…"

"Ulimi ninao, shangazi. Ndio huu unaokujibu."

Kaka akanyoosha mkono kwenye mtungi wa gesi. Mkemia, dada yake, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mtungi.

"Utajuaje kama utamu umetoka, na pua imekufa?" kaka aliuliza.

"Pua imekufa, kichwa kizima. Mtambo huu mama alituachia wote wawili. Zima nusu yako. Nusu yangu inachemka."

Kaka akatoka kwa hasira. Mkemia akabadilisha chupa. Zamani alijua, kisha pua ikamhakikishia. Leo alibaki na kujua tu.

Chupa ya pili ilipopata mafuta ya kutosha, alidondoshea vitambaa viwili, cha kwanza mafuta ya chupa ya kwanza, cha pili ya chupa ya pili, akampa shangazi. Shangazi alinusa, akafumba macho, akamwita kaka mtu kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Kaka alinusa cha kwanza, akanusa cha pili, akarudia cha pili.

"Hata hivyo," alisema, "wateja hawatamwamini mtu asiyenusa."

"Watazoea," mkemia alisema. "Na wewe anza leo."

Akakipeleka kitambaa cha pili puani kwake. Hakupata kitu, unyevu tu. Akainuka, akafuta kigoda.

"Gunia jingine liko mlangoni, kaka. Lilete."

Akalileta.