Siku Keremkerem Walipopita Haneti

Ndege wa keremkerem walifika Haneti mwishoni mwa Septemba, mapema kuliko kawaida yao, wakaanza kuwamaliza nyuki wa Obedi. Walijipanga kwenye nyaya za umeme zinazopita juu ya korongo, koo la njano, kifua cha buluu, wazuri kama vitenge vipya dukani, na kila nyuki aliyetoka kwenda kutafuta maji hakurudi. Keremkerem humdaka nyuki hewani, hurudi naye kwenye waya, humsugua hapo mpaka mwiba utoke, humeza. Kisha hutazama anayefuata.

Mizinga ilikuwa kumi na saba, imetundikwa kwenye migunga kando ya korongo. Minane ilikuwa ya Obedi. Tisa ilikuwa ya Loisi, mjane wa kaka yake Nathanaeli. Tangu matanga yalipoondolewa, Loisi alikuwa amerudi kwao Chamwino, na alitaka kuondoka na mizinga yake. Obedi akamwomba aiache kwanza. Karibu yote ilichongwa na Nathanaeli, akaitundika kwa mkono wake, na Obedi aliona ikigawanywa, basi hakuna tena kitakachomleta mwanamke yule Haneti. Loisi alikubali, lakini alisema wazi: "Mvua zikiisha nataka nikute tisa ina nyuki. Ukiniulia hata mmoja kwa uzembe, nabeba yangu."

Kwa hiyo Obedi hakuweza kukaa tu na kutazama. Alipiga madebe kama anafukuza kwelea kwenye mtama. Ndege waliruka, wakazunguka, wakatua walipokuwa. Akachukua manati. Alimpata mmoja, na waliobaki walikuwa wengi hata hawakumkosa mwenzao.

Loisi alikuja siku ya mnada, akamkuta chini ya nyaya, debe mkononi, shati limelowa jasho.

"Shemeji, unawafukuza au unawachezesha?"

"Cheka tu. Wanaoliwa ni nyuki wako."

"Na wako je? Wao wameokoka?"

Obedi akaliweka debe chini. Loisi akatazama juu, mkono juu ya macho.

"Waache," akasema. "Marehemu alikuwa anawaacha. Alisema hawa ni kama wageni wa msibani, wanakula, wanaaga."

"Marehemu enzi hizo alikuwa na mizinga arobaini. Aliweza kulisha wageni."

"Na wewe una huo hapo, mdomo wazi kama mwenyewe." Aliuonyesha kwa midomo mzinga wa mwisho, ule aliouchonga Obedi mwenyewe kwa gogo bichi, ukapasuka ubavuni.

"Nitauziba."

"Mwaka juzi ulisema hivyo hivyo." Akacheka, akajitwisha kapu lake, akaenda zake.

Jumamosi hiyo alikuja Fredy. Huyu ni mtumishi wa serikali pale Dodoma mjini, mwenyeji wa Mbeya, ambaye kila mwisho wa juma hupanda pikipiki na darubini shingoni akatafute ndege, kama vile wengine wanavyotafuta nyama choma. Obedi humpenda, ila hamwelewi.

"Shikamoo, mzee Obedi."

"Marahaba. Rafiki zako hao juu."

Fredy aliweka darubini machoni, hakuitoa kwa muda mrefu. "Mzee, hawa wametoka Ulaya. Wamevuka jangwa zima mpaka hapa kwako!"

"Huko kwao nyuki wameisha?"

"Kunakaribia baridi, mzee. Wanaelekea kusini. Hapa wanapumzika tu, siku chache wanaondoka."

"Chache ngapi?"

"Hilo siwezi kukuahidi."

 Moyoni Obedi alisema, mtu anayempenda mwizi humwulizi lini mwizi huyo ataondoka. Loisi naye alikuwa amesema wataaga, awaache, lakini Obedi alijua kusema waache ni rahisi, na siku ya kuhesabu mizinga hakuna atakayekumbuka nani alisema nini.

Kukicha aliamka mapema, akapanda kila mti, akaziba matundu ya mizinga kwa nyasi kavu. Alifurahi kuwaona keremkerem wakikaa kwenye waya bila kazi, wakigeuza shingo huku na huku. "Leo mtakula upepo," akawaambia. Lakini hata saa sita haikufika, nyuki walikuwa wamezichomoa zile nyasi. Wakatoka, wakadakwa.

Asubuhi iliyofuata hakutumia nyasi. Alikanda udongo, ule ule wa kukandikia nyumba za tembe, akauchanganya na samadi, akaziba kila tundu mpaka kidole kikawa hakipenyi. Jioni angewafungulia wanywe maji. Ndivyo alivyopanga. Mzinga wa ufa aliuziba tundu lake tu. Ufa wenyewe aliuacha, kwa sababu udongo ulikuwa umeisha na yeye alikuwa amechoka. Akashuka, akachukua jembe, akaenda kusafisha shamba.

Jua lilipopanda aliona kuna kimya. Sauti ile ya keremkerem, ya kama filimbi yenye maji ndani, haikuwepo. Alinyanyua kichwa. Nyaya zilikuwa tupu. Alisimama pale akifikiri aende akafungue. Kisha akakumbuka jana yake alasiri waliondoka hivyo hivyo, wakarudi baada ya muda. Akasema, hizo ni hila zao, acha wazidi kwenda. Akainama kulima. Upepo ukafa. Joto likawa la kumfanya mbuzi aache kula.

Ilikuwa imepita saa saba aliposikia pikipiki ya Fredy.

"Mzee, leo sikwenda kazini! Nimewaona Makutupora saa tano asubuhi, mamia, juu kabisa, wanakwenda kusini. Nikasema nikimbie nije nione kama wako wamebaki." Akatazama nyaya. "Naona na wako wameshakwenda."

Obedi alilitupa jembe, akakimbia.

Mti wa kwanza, asali ilikuwa inachuruzika chini ya mzinga, na sisimizi wameshajipanga. Alibandua udongo kwa panga. Joto lilimpiga usoni kama amefungua sufuria, kisha nyuki wakamwagika, wamelowa, weusi, kama majani ya chai yaliyochujwa. Nta ilikuwa imelainika, masega yameangukiana, na nyuki waliobanwa walikufa chini yake. Fredy alimshikia ngazi. Wakaenda mti wa pili, wa tatu. Mahali pengine kulikuwa na mvumo kidogo ndani. Pengine hakukuwa na kitu. Katika mizinga miwili, waliopona waliruka kwa kundi wakapotea upande wa milima, na hawakurudi.

Kwenye ule wenye ufa, nyuki walikuwa wanaingia na kutoka ubavuni.

Obedi mwenyewe alimpigia Loisi simu. "Sio keremkerem," akamwambia. "Ni mimi. Niliziba."

Loisi alikuja kesho yake na gari la kukodi. Alipita mti kwa mti, akigonga kila mzinga, akiweka sikio. Obedi alimfuata nyuma, akingoja aanze kumsema. Yeye akaendelea kugonga. Walipofika kwenye mzinga wa mwisho, Obedi akajaribu mzaha yeye.

"Wenye mdomo wazi ndio umepona, shemeji."

Loisi hakucheka. "Jioni wakiingia, nisaidie kushusha yangu, Obedi," akasema. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kumwita kwa jina.

Jioni akamsaidia. Mizinga ilikuwa kumi na saba. Kumi na mmoja ilikufa, sita ya Loisi na mitano ya Obedi. Miwili ya Obedi nyuki walihama. Mitatu ya Loisi, iliyopona, ilipakiwa ikaenda Chamwino pamoja naye. Korongoni ulibaki mmoja, wenye ufa.