Finjani ya Tatu

Sanduku nililiona mlangoni nilipotoka kutawadha: la kahawia, lile la Mama, limeshafungwa mkanda. Kumbe ameshaamua, nikajisemea, na hata kuniambia hakuniambia.

Kaka yangu Mirsad alikuwa amekuja na gari kutoka Graz, huko Austria, kumchukua Mama akaishi naye. Tangu Mama ateleze kwenye barafu ya mtaa wetu wa mlimani, wimbo wa Mirsad kwenye simu ulikuwa huo huo: ngazi, baridi, mtu wa umri ule. Mimi niliyekuwa nikimkanda Mama magoti miaka yote hiyo sikuulizwa kitu. Asubuhi ile nilikuwa na hasira ya kuvunja vyombo.

Tulikunywa kahawa ya kwanza, ya kufungua macho, tukiwa tumesimama jikoni. Kisha Mama akavaa koti.

"Kabla ya lolote," akasema, "nataka kuuona mji watu wakiwa bado wamelala."

"Mama, safari ni ndefu," Mirsad akasema. "Mpakani kutakuwa na foleni."

"Foleni itatusubiri, haina pa kwenda."

Tukashuka. Sarajevo, mji wetu huku Bosnia, ilikuwa imelowa umande, wafua shaba hawajafungua milango. Mama alinishika mkono mimi, si Mirsad, na hilo likanipa tumaini la kijinga. Lakini alikuwa akisimama kila mahali. Alisimama mbele ya duka la viatu alilofanyia kazi marehemu Baba, akausogelea ukuta wenye matundu ya risasi za vita, akayapapasa kwa vidole. Huyu anaaga, nikawaza.

Kwenye uwanja wa njiwa kuna chemchemi iliyojengewa kibanda cha mbao, na sisi wenyeji tunasema anayekunywa maji yake lazima arudi. Nikakinga kiganja haraka.

"Kunywa, Mama."

"Kunywa wewe. Mimi sina kiu."

"Mimi ninaishi hapa hapa. Ninywe ili nirudi kutoka wapi?"

"Razija, kunywa. Usinibishie barabarani."

Nikanywa. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Nikajua hataki kunywa kwa sababu hataki kurudi.

Kifungua kinywa tulikula kwa Zlata, jirani yetu mjane, mwenye duka la mikate ya unga mwembamba ya kujazwa nyama au jibini, ambako mimi husukuma unga. Siku nyingine Zlata angenitania mpaka nichoke. Siku hiyo alinitazama mara moja tu, akageukia tanuri.

"Nipe burek ya jibini," Mirsad akamwambia.

Zlata akaacha kukata. "Ya nini?"

"Burek ni ya nyama," nikamwambia Mirsad. "Ya jibini ina jina lake. Umekaa ugenini mpaka umesahau ulicholelewa nacho."

"Kule Graz watu wote wanaita hivyo."

"Basi watu wako hawajui kula."

"Ndiyo maana mwaka jana nilikuomba uje tufungue duka, uwapikie wewe. Ukakataa."

"Na Mama angebaki na nani? Na wewe, kwenye simu?"

"Sasa si nimekuja kumchukua? Nifanye nini ndiyo uridhike, dada?"

"Uniulize. Unamng'oa hapa ukamweke ghorofani atazame ukuta, halafu mimi nirudi kwenye nyumba tupu nizungumze na paka."

Mama akagonga meza kwa kijiko. "Kuleni."

Tukala. Zlata akatuletea kahawa, ya pili, ile ya mazungumzo, na hakuna aliyezungumza.

Tuliporudi nyumbani Mama alinikataza kugusa mdila. Akakoroga mwenyewe, ametugeuzia mgongo. Nilijua hiyo ni kahawa gani. Ya tatu kwetu ni ya kumtoa mgeni: ukiwekewa, unainywa, unachukua kofia yako, hakuna kununa. Mama hajawahi kuimimina ovyo. Siku moja alimwekea binamu wa Baba kabla hajakaa vizuri kitini.

Akamimina finjani moja tu. Nikaomba kwa moyo wangu wote aiweke mbele ya Mirsad, amwambie ndiyo basi, nenda zako, mimi sitoki hapa. Mirsad naye aliitazama, uso umemshuka.

Mama akampita. Akaiweka mbele yangu.

"Mama, umekosea," nikasema. "Mgeni yule pale."

"Niliteleza kwa miguu, sikuteleza kwa akili. Fungua sanduku."

Nikafungua mkanda. Juu kabisa palikuwa na aproni yangu, na ndani yake kifimbo changu kirefu cha kusukumia unga, kimelazwa pembe hadi pembe. Chini yake nguo zangu, zimepigwa pasi zote.

"Mama," Mirsad akasema, "mimi nilikuja kukuchukua wewe."

"Ulikuja kuchukua mtu. Mchukue huyu, akawafundishe watu wako jina la jibini." Kisha akanigeukia. "Zlata anahamia hapa, chumba cha chini. Tumeshakubaliana, na amepata msichana wa kusukuma unga. Mwaka jana nilikusikia ukimkatalia kaka yako. Uliweka simu chini, ukaenda kulia bafuni umefungua bomba. Ulidhani mimi ni kiziwi?"

Nilikuwa nimeona aibu, na nilikuwa na hofu zaidi kuliko wakati alipoanguka.

"Unanifukuza, Mama?"

"Ndiyo," akasema, midomo ikimcheza. "Maji umeshakunywa, utarudi. Sasa kunywa hiyo, inapoa."

Nikainywa mpaka kwenye mashapo, nikilia, na Mirsad akanyanyua sanduku.